Kitalu cha miche cha usharika huku Vunjo: maoni yangu baada ya kununua na kupanda

Tangu niweke picha ya miparachichi yangu kwenye grupu la ukoo watu wananiuliza miche nimeitoa wapi, bei gani, inaaminika au ndo yale ya kubambikwa, nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika hapa mara moja halafu nitakuwa natuma tu.

Ni kitalu cha kanisa. Kipo nyuma ya usharika mmoja huku Vunjo, Kilimanjaro, ukipita jengo la chekechea unaona kivuli cha neti na mabomba, hamna bango kubwa wala nini, kuna bati moja tu limepakwa rangi nyeupe na limeandikwa Mwanzo 2:15, "Bwana Mungu akamtwaa huyo mtu, akamweka katika bustani ya Edeni, ailime na kuitunza." Mi nikajua ni pambo kama kalenda za kanisa tunazotundika sebuleni. Jina la usharika silitaji kwa sababu kuna mambo nitayasema chini huko na sitaki mchungaji apigiwe simu, wa huku wanakijua.

Bei kwanza maana najua ndo mnachotafuta. Mgrivea nilikuta 500, mringaringa na mruka 1,000, msesewe 1,000, parachichi la kubebeshwa (yaani mche uliounganishwa kikonyo cha mti mwingine) 4,000. Mjini pale barabarani parachichi hilohilo niliambiwa 7,000, nikibembeleza sana 6,000, na muuzaji hajui hata lilibebeshwa lini wala vikonyo vilitoka kwenye mti gani. Kwa hiyo kwa bei hapa wako vizuri, ila bei sio sababu ya mimi kuandika haya yote.

Sababu ni kwamba walikataa hela yangu.

Mimi ni wale Wachaga wa Desemba, mnatujua, tunapanda mlimani na gari limejaa mchele na soda, na ndani ya wiki moja tunataka tujenge choo, tupake rangi nyumba ya bibi, tubatize mtoto na tupande miti. Nikaenda kitaluni na listi yangu, siku mbili tatu kabla ya Krismasi. Mama anayekiendesha akaniangalia, nikamwamkia, akaitika, afu akauliza, "Nyumbani yupo nani?" Nikamwambia yupo mama na kijana wa ng'ombe. Akasema, "Mwanangu, hii vuli ndo inaondoka. Januari na Februari nani atamwagilia? Usije ukambebesha mama yako ndoo kwa ajili ya miti yako." Nikajaribu kujitetea kwamba udongo una unyevu bado, hakutaka hata kusikia. Alichofanya ni kuchukua nusu ya hela, akaandika jina langu kwenye daftari, akasema miche yangu itakaa hapo inatunzwa mpaka masika, mwishoni mwa Machi nitume mtu aje achukue, nimalizie nusu iliyobaki. Na kweli mdogo wangu alipoenda alikuta imetengwa, ina kibao cha jina la baba, na ilikuwa imeshatolewa chini ya neti taratibu ili izoee jua. Hiyo ya kuizoesha jua wauzaji wengi hawafanyi, unanunua mche umenona kijani kabisa, unaupeleka shambani juani, wiki ya pili majani yote yamekauka halafu unasema ardhi yako ina mkosi.

Kitu kingine alichonikatalia ni mikaratusi. Nilitaka michache tu ya nguzo, niiweke kule chini karibu na mfongo, ule mfereji wetu wa maji, ambako hamna kinachoota vizuri. Akasema hawana na hawatakuwa nayo. Sio kwamba anauchukia huo mti, alinieleza vizuri tu kwamba unakua haraka na ni hela, lakini unakunywa maji mengi na watu wa huku wanapenda kuupanda palepale penye maji kwa sababu ndipo unapokua haraka zaidi. Akanikumbusha na sheria ya mazingira ya 2004, mita 60 kutoka chanzo cha maji hutakiwi kufanya shughuli zinazokiharibu. Nikamwambia mama, huku vihamba vyetu (mashamba ya nyumbani ya ukoo) vilivyobanana hizo mita 60 si ni mpaka kwa jirani wa tatu? Akacheka, akasema ndo maana tunaanza na kuwakatalia mikaratusi. Badala yake akanipa mringaringa na mruka, akasema hiyo inakaa na kahawa na migomba bila kugombana, inaangusha majani yanaoza yanarudi kuwa udongo, na mbao ya mringaringa kila fundi wa samani anaijua.

Sasa hapo kwenye maji ndo nataka nikae kidogo maana ndo nilipoelewa kwa nini kanisa linafanya biashara ya miche badala ya kuachia watu wa misitu.

Tumezoea hubiri la mazingira linaloanza na barafu ya Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro. Ni kweli, barafu imekwisha sana, wanasayansi waliolinganisha ramani na picha walisema kati ya 1912 na 2007 karibu asilimia 85 ya eneo la barafu lilikuwa limeshapotea. Lakini tusidanganyane, miti yangu ya kwenye kihamba hairudishi barafu, ile inaondoka kwa sababu ya mambo ya hali ya hewa ya dunia nzima na kupungua kwa mawingu na theluji kule juu. Ninachoweza kukigusa mimi ni huku chini. Msitu wa mlimani ndo unaoshika ukungu na mvua na kuyaachia maji taratibu, na mwaka 2005 hifadhi ya Kilimanjaro ilipanuliwa ikameza ule msitu kwa hiyo kuni na mbao za kule juu sio za kujichotea tena. Maana yake ukihitaji kuni, nguzo, majani ya ng'ombe, vyote vitoke kwenye kihamba chako. Usipopanda kwako, usiku utapanda juu na panga, huo ndo ukweli ambao kila mtu huku anaujua na hakuna anayeusema kwenye mkutano wa kijiji.

Na maji yakishatoka kwetu hayaishii kwetu. Yanashuka Kahe kule tambarare, yanaingia Ruvu, yanakwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, yanaendelea na mto Pangani mpaka baharini. Huyo mama wa kitalu alilisema hili wala sio kwa kuhubiri, alikuwa anafunga miche kwenye gunia, akasema, "Tunasoma Luka 10 kila mwaka, jirani yangu ni nani, tunamwangalia wa upande ule wa masale ya mpakani. Jirani yako yuko Kahe, anakunywa ulichoacha." Mimi nimesikia mahubiri mengi ya Msamaria mwema tangu Sunday school na hakuna aliyewahi kulipeleka hapo. Mara nyingi tunayosikia ni ile ya Mwanzo 1:28, kuijaza nchi na kuitiisha na kutawala, na hapo mtu anatoka kanisani anaona ana kibali cha kukata chochote. Huku kuijaza tumeijaza kweli, kihamba alichoachiwa babu kimegawanywa mpaka unapanda mgomba kivuli chake kinakwenda kwa shemeji.

Basi turudi kwenye miche.

Ubora. Nilipochagua parachichi mama wa kitalu alichukua kiriba kimoja (ule mfuko wa plastiki wa mche) akakilaza mkononi, akakichana chini kidogo akanionyesha mizizi, iwe inashuka, isiwe imejizungusha chini ya kiriba maana hiyo ikishajikunja mti utakaa miaka umedumaa na ukija upepo unalala. Akanionyesha na pale palipobebeshwa, ule mkanda wa nailoni, akasema ukishaona pameshikana vizuri utoe, usipoutoa unaukaba mti. Shimo futi mbili kwa mbili na futi mbili kwenda chini, udongo wa juu weka upande wake, changanya na samadi iliyoiva (sio ile inayotoka moshi), na pale palipobebeshwa pabaki juu ya ardhi, ukipafukia umeharibu. Funika na majani makavu ya migomba ila yasiguse shina. Haya yote mdogo wangu alipewa tena kwa mdomo alipoenda kuchukua, na karatasi yenye michoro, imetolewa fotokopi mpaka haionekani lakini ipo.

Kituko kidogo: vibao vya Hass na Fuerte, zile aina mbili za parachichi, vilikuwa vimefutika na mvua, na kijana msaidizi akawa anabahatisha, anasema hii Hass, mara ah hapana. Mama akaja, akachuma jani akalifikicha akaninusisha, Fuerte ina harufu tamutamu fulani, Hass hamna au kidogo sana. Nilivutiwa kweli, lakini kama mteja najiuliza, siku mama hayupo? Mtu anapanda eka nzima akijua ni Hass ya kuuza nje halafu anakuja kujua matunda yakitoka. Vibao, jamani. Kipande cha bati na msumari wa kukwaruzia, hata hela haihitajiki.

Alinifurahisha pia na maua. Parachichi la kubebeshwa linaweza kuanza kuchanua likiwa dogo sana, na wewe na tamaa zako unasema hilo tunda la kwanza nitalipiga picha. Akasema yatoe, mwache akue kwanza, afu akanitajia Walawi 19, pale Waisraeli wanapoambiwa wakipanda miti ya matunda wasiyale matunda yake miaka mitatu, na ya mwaka wa nne ni ya kumsifu Bwana. Akasema wa tano ndo wako. Nikamwambia mama, bwana shamba naye alinambia kitu kilekile cha kutoa maua ila hakuweka mambo ya mwaka wa nne. Akasema bwana shamba hana kanisa la kuezeka. Dah.

Na msesewe sasa. Kwa wasio wa huku, msesewe ndo mti ambao gome lake linatia ule uchungu kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Usharika unauza msesewe kwa 1,000 na hakuna mtu anayeuliza unaenda kufanyia nini, na mimi sikuuliza, lakini nilimwona mzee mmoja wa kanisa amebeba kama sita hivi kwenye baiskeli na tukasalimiana tu kwa heshima. Kiukweli naona wamefanya jambo la maana kuliko kujifanya hawaoni. Misesewe mingi huku imekufa kwa kuchunwa gome kuzunguka shina lote, na watu wataendelea kunywa, kwa hiyo bora ipandwe.

Baada ya kununua. Hapa ndo wanapowapita wote. Usharika una utaratibu wa wazee wa mitaa kupita kuangalia miti, waliuanza kwa ajili ya watoto wa kipaimara, kila mtoto anapewa miche na anatakiwa aonyeshe ikiwa hai sio siku ya kupanda, baadaye. Hii ya kuunganisha kipaimara na miti kwa Dayosisi ya Kaskazini sio ngeni, Askofu Fredrick Shoo kabla na baada ya kuwa Mkuu wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) alisukuma sana upandaji miti huku mlimani mpaka watu wakamwita askofu wa miti. Sasa hapa kwetu wameongezea na wateja. Mama yangu akanipigia simu siku moja anacheka, eti mzee wa kanisa amekuja kukagua miti ya kijana wake, akaandika kwenye daftari mgrivea mmoja umekatwa na ng'ombe na parachichi moja limekauka. La kukauka walinibadilishia bila hela, la ng'ombe wakasema hilo ni lako na ng'ombe wako. Nimeona ni haki.

Siku ya kupanda miti kitaifa kila ofisi inapanda, fulana zinachapishwa, kiongozi anashika jembe anapigwa picha, ukirudi Agosti unakuta vijiti. Nimeshiriki kazini mara kadhaa sitaki hata kuelezea. Tofauti ya hapa ni hiyo daftari tu na mzee mmoja mwenye viatu vya mvua.

Sasa malalamiko, na haya ni ya upendo.

Moja, Jumapili hawafungui. Siku ya Bwana, naelewa. Ila siku hiyohiyo ibada ikiisha kuna mnada pale nje, kuku wanauzwa, mikungu ya ndizi inauzwa, maziwa, mpaka keki, na mnadishaji anatania watu mpaka unatoa elfu ishirini kwa parachichi tano. Kama kuku anaruhusiwa kuuzwa Jumapili, mche una kosa gani? Na ndo siku pekee sisi wa mjini tupo.

Mbili, malipo. Nilitaka kulipa kwa simu, ikabidi nisubiri mhasibu wa usharika maana risiti anatoa yeye, na yeye alikuwa ameenda msibani. Weka lipa namba pale kwenye bati chini ya Mwanzo 2:15, nafasi ipo.

Tatu, viriba. Wana wazo zuri, ukiwarudishia viriba vyako baada ya kupanda unapewa mgrivea mmoja bure, lengo ni plastiki isibaki mashambani. Vizuri. Nikauliza vikirudi vinakwenda wapi, kwa sababu vingi vimeshachanwa haviwezi kutumika tena. Kimya. Vimejazwa kwenye magunia stoo, na mwaka huu magunia yameanza kutoka nje ya stoo. Mifuko ya plastiki ya kubebea tuliipiga marufuku nchi nzima tangu Juni 1, 2019 lakini viriba vinaendelea, na hapa nafikiri kanisa lingeweza kujaribu hata vile vya maganda ya migomba makavu kwa miche ya muda mfupi, wazee walikuwa wanafunga nayo kila kitu.

Nne, na hii sio ya kitalu ni ya usharika wenyewe, lakini ni nyumba moja. Siku ya sherehe ya kipaimara, watoto haohao wenye miti, meza zote zilijaa chupa ndogo za maji, na jioni nilipita nyuma ya jengo nikakuta zinachomwa, moshi mweusi unakwenda moja kwa moja kwenye neti ya kitalu. Jikoni makande na nyama vilipikiwa kuni nusu lori, mafiga yaleyale ya mawe matatu. Nikamgusia mwinjilisti, kwa heshima, akasema "ndugu, hilo tunalifanyia kazi," na nyote mnajua hiyo sentensi inavyoishi muda mrefu. Pipa la maji lenye koki na vikombe, jiko banifu moja kubwa la kujengewa, hela za harambee moja zinatosha na chenji inabaki. Ukimfundisha mtoto wa miaka 14 kwamba mti ni sehemu ya imani yake, halafu mchana huohuo anakuona unachoma plastiki kando ya kanisa, yeye ataamini alichokiona.

Hilo la mwisho ndo limewanyima nyota ya tano, nawapa nne. Kama kitalu peke yake bila usharika ningewapa zote, hata na vibao vyao vilivyofutika.

Nani aende: kama una kihamba au kieneo cha nyumba na una mtu wa kuangalia, nenda. Kama unataka mikaratusi elfu mbili ya nguzo usijisumbue, utaishia kupewa somo. Kama unataka miche ya kahawa pia hapa hawana, wanakuelekeza TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa kule Lyamungo, kwenye zile aina zinazovumilia magonjwa ya chule buni na kutu ya majani, na nimependa kwamba walinielekeza badala ya kuniuzia chochote.

Beba gunia au kreti lako mwenyewe, hawatoi. Bodaboda wa pale nje anabeba miche mpaka ishirini kwa safari moja ila mwambie aende polepole, parachichi moja langu lilivunjika njiani na yeye akasema lilikuwa limeshavunjika. Wanafungua Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi, na kipindi cha masika wahi kabla ya saa nne, miringaringa ndo inaisha ya kwanza.